Shubiri badala ya antibiotiki?

Swali: Kuku wangu wa mayai wakianza kuzubaa huwapa antibiotiki. Jirani anasema shubiri na kitunguu saumu vinatosha. Ni kweli?

Jibu: Kama kinga ya ziada, ana hoja, kama tiba, hapana. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, ambayo maabarani huua bakteria. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, wengi huko waligeukia mafuta ya mimea. Ila mafuta hayo hupimwa nguvu yake. Shubiri ya nyumbani nguvu yake hubadilika kila sufuria. Ugonjwa wa kideri nao huletwa na virusi, hausikii antibiotiki wala shubiri: chanja mapema. Wakizubaa tena, mwite kwanza daktari wa mifugo.