Desmodiamu: Mwaka wa Kwanza Ilinde, wa Pili Izuie

Shamba lililoingiwa na gugu la kiduha utalijua kwa vile vimaua vya zambarau vinavyopendeza macho huku mahindi yakidumaa. Dawa yake ninayoiamini zaidi haiuzwi kwenye chupa. Ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kuishi miaka mingi, asili yake Amerika ya Kati na Kusini. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, waliuingiza katika kilimo cha sukuma-vuta miaka ya 1990. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua wa mahindi, na nyasi za nepia zilizopandwa kuzunguka shamba huwavuta. Mizizi ya desmodiamu huchochea mbegu za kiduha kuota, kisha huzizuia zisishike mizizi ya mahindi, zikafa.

Aina mbili hupandwa sana: yenye mstari mweupe katikati ya jani, na yenye madoa ya kahawia, ambayo huvumilia ukame zaidi. Kwenye mvua haba, chukua hiyo ya pili.

Lima mpaka udongo ulainike. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kipimo kimoja na viwili vya mchanga mkavu, la sivyo utaimwaga yote kwenye mstari wa kwanza. Mvua zikianza, chora kifereji kati ya mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75, nyunyiza, funika kwa udongo kidogo tu. Ukikosa mbegu, fukia vipande vya mashina yaliyokomaa; vifundo vitatoa mizizi.

Wengi huipoteza hapa: miche huchelewa kukua na hufanana na magugu, kibarua akaing'oa yote kwa jembe. Weka vijiti kila mwisho wa mstari, na palizi ya wiki ya tatu na ya tano ifanywe kwa mkono, nawe ukiwepo.

Msimu unaofuata kazi inageuka. Usiilime, ikate ibaki kama sentimita 6, panda mahindi katikati, na uipunguze tena ikianza kuyapanda. Yaliyokatwa changanya na nepia, umpe ng'ombe wa maziwa.

Ya mbegu iache ikomae. Maganda yakigeuka kahawia na kunata kwenye suruali, vuna.