Kabla Hujakikalia, Kipindue: Kuchagua Kigoda cha Nyumbani

Desemba, watu wa Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, nyumba za wazee husafishwa. Kati ya vinavyotolewa nje havikosi vigoda: cha bibi cha jikoni, cha babu alichokuwa akikalia kwenye mbege, pombe ya ndizi, na stuli mbili tatu za fundi wa kijijini. Vingine huishia kuwa kuni. Vingine huuzwa kwa bei ya soda kwa mpita njia, kisha huonekana kwenye duka la vinyago mjini vikiwa na bei nyingine kabisa. Kwa hiyo maelezo haya ni ya anayetaka kununua, na pia ya aliye nacho kigoda tayari lakini hajui thamani yake.

Anza na matumizi, umri utafuata. Kigoda cha kukalia jikoni penye mafiga, au cha kuoshea vyombo nje, kinafaa kikiwa na kimo cha sentimita 20 hadi 30. Kwa meza ya kulia ya kawaida, yenye sentimita 75, tafuta stuli ya sentimita 45 hivi. Kwa kaunta ya jikoni ya sentimita 90, tafuta ya 60 hadi 65. Ukizidisha hapo, mapaja yatabanwa na meza. Mzee mwenye magoti mabovu usimnunulie kigoda kifupi hata kiwe kizuri namna gani. Kuinuka kutamtesa kila siku.

Ukishajua kimo, kipindue. Sehemu ya juu hupakwa, husuguliwa na kung'arishwa ili ivutie macho. Ya chini hakuna anayehangaika nayo, ndiyo maana haidanganyi.

Kigoda cha kale huwa kimechongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi. Huku mlimani mringaringa umependwa kwa kazi za kuchonga kwa sababu hauisumbui tezo. Mizinga, vinu na ngoma vimetoka humo. Uvunguni mwa kigoda cha namna hiyo utaona alama za tezo: vibonde vifupi vinavyopandana, wala hakuna viwili vinavyolingana. Ukikuta mistari iliyonyooka na kupishana kwa nafasi sawa, au mapinde yanayofuatana, huo ni msumeno wa mashine. Linganisha pia rangi. Miaka mingi ya kukaliwa hung'arisha kikalio na kingo zinazoshikwa wakati wa kukihamisha, huku chini pakibaki pamefifia na pakavu. Miguu nayo haiishi sawasawa. Mmoja huwa umelika kuliko mwenzake, kwani sakafu ya udongo haikuwa tambarare.

Kikiwa cheusi kila mahali kwa kiwango kimoja, hadi ndani ya nyufa, kuwa na shaka. Lowanisha kidogo kitambaa cheupe ukisugue mahali pasipoonekana. Masizi ya jikoni ya miaka mingi yameshashikana na mbao. Kiwi ya viatu huchafua kitambaa mara moja, na harufu yake unaijua. Vingi vinavyouzwa kwa watalii kama vya kale ni kazi ya juzijuzi. Vigoda vya Wakamba wa Kenya vya miguu mitatu, vilivyopambwa kwa waya wa shaba, ni kazi ya heshima kubwa, lakini vimeigwa mno. Kama unakipenda, kinunue kwa bei ya kitu kipya kilichotengenezwa vizuri.

Na kama ni kigoda cha ukoo, uliza kabla ya kukiuza. Muulize shangazi au baba mdogo nani alikichonga na nani alikikalia, uandike jibu kwenye karatasi na kulihifadhi pamoja nacho. Kigoda kisicho na habari zake kimepoteza nusu ya thamani yake, na habari hizo zinaondoka na wazee wetu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale na vya utamaduni kwenda nje ya nchi. Ndugu anayetaka kupeleka kigoda cha babu Ulaya au Marekani aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale kuhusu kibali.

Vya zamani kidogo, vya enzi za babu zetu walioishi kwa kahawa, ni habari nyingine. Misheni kama ya Kilema, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilileta useremala wa randa na patasi. Baadaye fedha ya kahawa iliyopitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima kilichoundwa mwaka 1933, iliwawezesha watu kujenga nyumba za bati na kuagiza samani kwa mafundi. Stuli za wakati huo, kwa maoni yangu, ndizo zenye faida kuliko zote kwa mtumiaji wa leo: mbao ngumu, bei bado si ya kutisha, na zinatengenezeka. Angalia maungio. Ulimi uliochomekwa kwenye tundu na kukazwa kwa kijiti ni dalili ya fundi aliyejua kazi. Stuli ikiyumba, usipigilie msumari, mbao zitapasuka. Fungua ungio, kwangua gundi ya zamani yote, tia gundi mpya ya mbao, kisha ibane kwa kamba hadi siku ya pili. Kama imepakwa rangi ya mafuta ya zamani, usiisugue kwa msasa mkavu karibu na watoto, maana rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi.

Kwa stuli mpya, swali kubwa ni mbao zimekauka kiasi gani. Kwa kukaushwa kivulini, ubao wa unene wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mmoja. Fundi mwenye haraka atakupa mbichi. Utaijua kwa uzito wake na ubaridi wake mkononi. Hata iliyokauka ina mambo yake: ukanda wa migomba hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, Moshi mjini kama 900 tu, hivyo kigoda kilichoteremshwa mjini na kuwekwa juani siku hiyohiyo kinaweza kupasuka. Kiweke kivulini wiki kadhaa kwanza. Mbao za mgrivea wa kihamba (shamba la nyumbani) na za msindano wa mashambani zinatosha kabisa kwa matumizi ya ndani, mradi zisiguse udongo wenye mchwa. Anayekutajia mkulo aulizwe umekatwa wapi, kwa kuwa msitu wa asili wa mlima uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005. Stuli za plastiki ni nafuu, lakini zinazokaa juani hukakamaa na kukatika ghafla. Mtu mzito asizipande kubadilisha taa.

La mwisho ni bungua, na hili linahusu vya kale na vipya. Vitundu vidogo peke yake si tatizo, huenda wadudu waliondoka zamani. Gonga kigoda juu ya karatasi nyeusi, kiache hapo wiki moja. Ukikuta unga mweupe mpya, wadudu wangali hai. Usikiingize sebuleni. Kidogo kinachoenea kwenye friza kifungwe vizuri kwenye plastiki na kigandishwe wiki mbili. Kikubwa kipelekwe kwa fundi mwenye dawa ya mbao. Oili chafu ya gari isitumike: hunuka, huchafua nguo, na haifai kitu kinachokaa karibu na chakula.