Ukirejesha Data ya Seva: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Simu hulia usiku: folda ya mishahara haionekani, na kesho ni siku ya malipo. Nakuandikia wewe fundi utakayeipokea simu hiyo. Soma sasa, seva ikiwa nzima, maana usiku ule mkono hutangulia akili.

USIANDIKE amri yoyote kabla hujahakikisha uko kwenye mashine ipi. Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu, alikuwa akihangaika usiku na seva ya pili ya hifadhidata iliyogoma kwenda sambamba na ile kuu. Akaamua kuifuta folda ya seva ya pili aanze upya. Amri akaiandika kwenye seva kuu. Alishtuka na kuisimamisha baada ya sekunde moja au mbili tu. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki 4.5. Kwa hiyo ipe kila seva rangi yake kwenye terminali, na amri ya kufuta isome kwa sauti mwenzako akisikia.

JARIBU kurejesha kabla hujalazimika. GitLab walipozikimbilia nakala zao, walikuta programu ya kutoa nakala za kila siku ni ya toleo lisiloendana na hifadhidata, hivyo ilikuwa ikishindwa kazi kimyakimya. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Stoo ya nakala ilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani picha ya diski, aliyoichukua fundi yule yule kwa mkono takriban saa 6 kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuirejesha kulichukua kama saa 18 kwa kuwa ilikuwa kwenye diski za polepole. Yaliyoandikwa ndani ya zile saa 6 hayakurudi. Miradi takriban 5,000 iliguswa. Waliyaeleza yote hayo hadharani, nami nawaheshimu kwa hilo. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitaje mbele ya bosi wako.

CHUKUA snapshoti ya hali ilivyo sasa, hata kama imeharibika, kabla ya kugusa ile ya zamani. Ndani ya uharibifu huo mna kazi ya watu ya tangu asubuhi.

USIIRUDISHE seva nzima nyuma kwa ajili ya faili moja. Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linafanywa na mtu mwenye nia njema na nakala nzuri mkononi. Kwenye mfumo wa faili wa ZFS, amri ya zfs rollback hufuta kila kilichoandikwa baada ya snapshoti, na ukiiongezea -r, snapshoti zote za baadaye nazo huangamizwa. Umeokoa jedwali la mhasibu, umefuta risiti za duka zima. Badala yake ingia kwenye folda iliyofichwa ya .zfs/snapshot, tafuta tarehe unayoitaka, nakili faili lako, toka. Mitambo ya NetApp nayo ina .snapshot, na mtumiaji wa Windows huiona kama ~snapshot. Humo unasoma tu. Huwezi kubadilisha faili lililomo. Ikiwa unachotafuta ni jedwali moja la hifadhidata, tengeneza diski mpya kutokana na snapshoti, iwashe kwenye mashine ya pembeni, toa jedwali hilo peke yake.

USILAZIMISHE diski inayogoma. Mfumo wa faili wa XFS hugoma kupachika snapshoti kwenye mashine yenye diski asili kwa sababu zote mbili zina utambulisho mmoja. Ipachike kwa chaguo za ro na nouuid. Kubadilisha utambulisho wa diski asili usiku wa dharura ni kuongeza msiba juu ya msiba.

ANGALIA nafasi. Snapshoti ya kawaida ya LVM ikijaa huwa batili, na hairudi. Amri ya lvs itakuonyesha asilimia iliyotumika.

USITENGANISHE data na kumbukumbu za miamala. Snapshoti ya hifadhidata inayofanya kazi ni sawa na umeme uliokatika ghafla: PostgreSQL itainuka kwa kuzisoma kumbukumbu zake. Lakini kama data iko diski moja na kumbukumbu diski nyingine, na zimepigwa picha kwa nyakati mbili tofauti, huenda isiinuke kabisa.

LINDA mlango wa snapshoti kama unavyolinda seva. Faili lililokuwa wazi kwa wote jana, ukalifunga leo, kwenye snapshoti ya jana bado liko wazi. Barua ya nidhamu iliyofutwa bado imo. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hazisemi kwamba taarifa ya mtu ikiwa kwenye picha ya zamani basi ni ya kila mwenye nenosiri. Andika nani alifungua, lini, na alitoa nini.

USIIHESABU snapshoti kuwa nakala ya akiba ikiwa inalala kwenye diski zile zile. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake. Nakala moja ikae mbali, jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine.

Leo, kabla hujafunga ofisi, chagua faili moja, litoe kwenye snapshoti ya juzi, lifungue ulisome, kisha andika ukutani imekuchukua dakika ngapi.