Mzigo wa Masomo ya Sayansi na Deni la Kiswahili: Mfano wa Mwanafunzi wa Ng'ambo ya Mombasa

Utangulizi

Suala la wingi wa masomo ya sayansi vyuoni limezoeleka kuachiwa wanasayansi wenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili hupita mlangoni mwa maabara kama apitaye mlangoni mwa jirani asiyemjua. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya mzigo huo ni mzigo wa lugha, na kwa hiyo wanalugha nao wana sehemu yao katika kuupunguza. Mfano unaotumiwa ni wa mwanafunzi akaaye Likoni, Kisauni au Changamwe na kusomea sayansi kisiwani, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor. Chuo hicho, kilichotokana na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa (MIOME), kilikuwa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Mzigo usioonekana katika ratiba

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, saa tatu za maabara huhesabiwa kuwa sawa na saa moja ya mhadhara. Kwa hiyo kozi mbili zinazolingana katika karatasi huenda zisilingane hata kidogo katika mwili wa msomaji. Chukulia mwanafunzi mwenye kozi sita, kila moja ikiwa na saa tatu za mhadhara kwa juma. Hizo ni saa 18. Kozi tatu kati ya hizo zikiwa na maabara ya saa tatu kila moja, zinaongezeka saa 9. Ripoti za majaribio zikichukua saa mbili kila moja, zinaongezeka 6. Kisha kuna njia: wa Likoni huvuka kwa feri, wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupitia Makupa. Safari ikila saa mbili kwa siku, kwa siku tano ni saa 10. Jumla ni saa 43, naye hajafungua kitabu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuuhesabu mzigo kwa saa, si kwa majina ya kozi. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya usajili kufungwa, ikiwezekana pamoja na mshauri wa masomo. Anayegundua juma la pili kwamba saa hazimtoshi anaweza kupunguza kozi moja. Anayegundua juma la kumi hubaki na njia ya kurudia mtihani, na kurudia ni karo na muda wa mzazi aliyekwisha kujinyima. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika saba je?

Kusoma tena si kukumbuka

Hatua ya pili inahusu namna ya kusoma. Mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti ambao wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya maandishi, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka takriban asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa msafiri wa kila siku. Penye msongamano wa abiria wa feri si rahisi kufungua daftari, lakini mtu anaweza kujiuliza: mhadhara wa jana ulikuwa na hoja ngapi? Kanuni ile ilithibitishwaje? Akikwama, hukumbuka alipokwamia, na jioni hufungua ukurasa huo tu. Hivyo saa za njiani, ambazo katika hesabu ya awali zilikuwa hasara, hugeuka kuwa saa za masomo.

Kujieleza kwa Kiswahili

Hatua ya tatu ndiyo inayowagusa wasomaji wa jarida hili. Mhadhara wa sayansi hutolewa kwa Kiingereza, na mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Baina ya hivyo viwili, mwanafunzi wa Pwani huwaza na kujadiliana na wenzake kwa Kiswahili. Anayeweza kumweleza mwenzake somo kwa lugha ya nyumbani, bila kuazima sentensi za daftari, amelielewa, asiyeweza amekariri.

Hata hivyo, Kiswahili cha mazungumzo pekee hakitoshi. Neno "nguvu" ni mfano mzuri. Mtaani neno hili hubeba dhana tatu ambazo fizikia huzitenga. Chukulia hamali wa Changamwe anayeinua gunia la kilo 50 hadi kimo cha mita moja juu ya mkokoteni. Msukumo anaoutoa kulishinda gunia ni kani, nayo ni nyutoni 500 hivi. Anachokitumia kulifikisha juu ni nishati, yaani jouli 500 hivi. Akiliinua kwa sekunde 2, nguvu yake ni wati 250. Akiliinua kwa sekunde 5, ni wati 100. Gunia ni lile lile na nishati ni ile ile. Kilichobadilika ni kasi ya kuitumia. Anayeziita zote "nguvu" atachanganya kanuni katika mtihani, hata kama Kiingereza chake ni safi.

Istilahi hizi hazihitaji kubuniwa upya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi zimelala katika kamusi, na wanaozijua hawaketi baraza moja na wanaozihitaji.

Hitimisho

Makala haya yamependekeza hatua tatu: kuhesabu mzigo kwa saa, kujijaribu badala ya kusoma tena, na kueleza somo kwa Kiswahili chenye istilahi sahihi kabla ya kulirudisha katika Kiingereza cha mtihani. Mbili za kwanza ni za mwanafunzi wa sayansi mwenyewe. Ya tatu inahitaji mwenzi. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinachoandaa kongamano la istilahi kila mwaka kingefaidi zaidi kama kingewaalika wanafunzi wa fizikia na kemia wawili watatu, kila mmoja na swali lililomshinda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa na maana kwa kijana wa Likoni siku lugha yake itakapomsaidia kuvuka mtihani kama feri imsaidiavyo kuvuka maji.