Mnyonyo na jeni ambayo haikutosha

Muhula uliopita, baada ya darsa la jioni, ndugu mmoja wa kitivo cha kilimo aliniuliza: "Nyinyi watu wa biokemia mnasema mimea itachukua nafasi ya petroli viwandani. Mbona haijachukua?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, nikalikuta kwenye mnyonyo, ambao bibi yangu alikuwa akikamua mafuta yake ya kupaka nywele.

Takriban asilimia 90 ya mafuta hayo ni asidi moja, risinoleiki. Ni mnyororo wa kaboni 18, kama asidi nyingi za mafuta ya kula, ila kwenye kaboni ya 12 imening'inia oksijeni pamoja na haidrojeni. Hicho ndicho kishikio cha mkemia. Hapo hutoka grisi na nailoni 11, inayotengenezea mipira ya kupitishia mafuta kwenye magari. Taabu ni kwamba mbegu hiyohiyo ina risini, sumu kali. Sumu haiingii kwenye mafuta, hubaki kwenye mashudu.

Basi wanasayansi wakawaza: tuihamishe jeni ya kishikio kwenye mmea usio na sumu. Kikundi cha Chris Somerville kule Marekani kiliitambua mwaka 1995. Ilipotiwa katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali, asidi ile ilifika asilimia 17 hivi tu.

Hapa nilikwama muda mrefu. Jeni ilifanya kazi yake, asidi ilitengenezwa. Lakini mafuta ya mbegu hufungwa matatu matatu kwenye gliseroli, na vimeng'enya vya mmea mwenyeji havikuzoea mzigo wenye kishikio. Mzigo ukarundikana kwenye utando wa seli, na mafuta ya mbegu yakapungua kwa jumla. Mwaka 2008 watafiti waliongeza jeni ya pili ya mnyonyo, ile ya kufungasha. Ikapanda hadi karibu asilimia 30.

Mimi naona afadhali mnyonyo ubaki na mafuta yake, sisi tuzime jeni za risini. Si moja, ni ukoo mzima. Nimempelekea msimamizi wangu pendekezo hilo. Amelirudisha na swali pembeni kwa kalamu nyekundu: utajuaje zote zimezimika, na mbuzi wa nani atakuwa wa kwanza kula mashudu?