SOMO LA MWEZI HUU: HARUFU YA MIMEA NA NZI WA MATUNDA



Wakulima wengi wa skimu, huko Taveta na upande wa Voi, huuliza swali moja: Je, mafuta ya mimea yenye harufu yaweza kuwafukuza wadudu wanaoharibu maembe? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi. Soma somo hili polepole, kisha msomee na jirani yako, kwa maana nzi hajui mpaka wa shamba.

ADUI NI NANI?

Adui mkubwa ni nzi wa matunda aliyetoka Asia. Hapa Kenya alionekana kwanza katika Pwani, mwaka 2003. Vile vile watafiti wamemkuta katika maparachichi ya Milima ya Taita. Nzi jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani. Mayai huangua funza, na funza hula nyama ya tunda mpaka lioze na kuanguka. Ndipo funza huingia udongoni, na baada ya siku kadhaa hutoka nzi wapya.

Hasara yake si ya mti mmoja. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara hiyo haikuanza tena mpaka mwaka 2021.

HARUFU HUFANYAJE KAZI?

Fanya jaribio hili pamoja na watoto. Chukua ganda bichi la chungwa, ulibinye karibu na mwali wa mshumaa. Utaona cheche. Hayo ndiyo mafuta ya harufu, na ndiyo silaha ya chungwa, kwani hudhuru mayai na funza walio ndani ya ganda.

Sasa tia tone la mafuta ya mchaichai juu ya karatasi, na kando yake tone la mafuta ya nazi. Ngoja mpaka kesho. Doa la nazi litakuwapo. La mchaichai litakuwa limetoweka. Mafuta ya harufu huruka hewani. Kwa hiyo hufukuza mdudu leo, na kesho, kwa jua kali la Voi, hayapo tena.

Kumbuka mambo matatu:

1. Harufu ni ua, si dawa ya funza. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya embe haifiki kwake.

2. Si kila harufu hufukuza. Aina nyingine za mrehani zina kitu kiitwacho methili yujenoli, ambacho huwavuta nzi dume wa aina hii kutoka mbali. Wataalamu hukitumia kitu hicho hicho ndani ya mitego: dume huja, hufa, na majike hukosa wa kuwapandisha.

3. Mafuta matupu huunguza majani. Yachanganye na maji na sabuni kidogo, maana mafuta na maji hayapatani. Jaribu tawi moja kwanza, ungoje siku mbili.

KAZI YA SHAMBANI

Kwanza, safisha. Okota maembe yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kila juma. Chimba shimo la nusu meta au zaidi, uyatie, ufukie na kushindilia udongo. Asiyefanya kazi hii anafuga nzi, hata akinyunyiza manukato ya kila namna.

Pili, tundika mitego kivulini, ndani ya matawi. Mwulize Bwana Shamba wako aina ya mitego na idadi itakayofaa shamba lako.

Tatu, tumia mwarobaini, mti unaostawi katika nchi kavu kama yetu. Mafuta yake ni mazito na machungu, hayaruki upesi kama ya mchaichai, na humfanya mdudu asite kula na kutaga. Kausha mbegu kivulini na utoe maganda. Twanga nusu kilo ya kiini, uloweke katika lita 10 za maji usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa, utie sabuni kidogo, uiweke kivulini. Nyunyiza jioni siku ile ile, kwa sababu jua huharibu nguvu yake, na jioni nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Rudia baada ya siku saba, au mvua ikinyesha.

Nne, vuna maembe yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva mtini. Embe lililoiva mtini humwita nzi.

Nyunyizeni na kuokota pamoja, shamba kwa shamba. Ukisafisha wewe peke yako na jirani akaacha maembe yakioza, nzi wake watakuwa wako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI

1. Kwa nini doa la mchaichai hutoweka, na la nazi hubaki?
2. Kwa nini harufu haimwui funza aliye ndani ya embe?
3. Je, leo kuna maembe mangapi chini ya miti yako?

Swali la tatu halijibiwi kwa kalamu. Chukua kikapu, uende ukayahesabu.