Ufizi Uliorudi Nyuma na Shingo ya Jino Iliyolika

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza masomo hapa, nataka kuwaelezeni jambo nililojifunza kwa maumivu. Muhula uliopita, kila nilipokunywa maji ya baridi, jino langu moja la juu upande wa kushoto lilinichoma kama sindano. Nikipitisha ukucha karibu na ufizi, ulinasa katika mfuo, kama mti uliotiwa panga. Mwenzangu wa bwenini akasema, "Ling'oe tu, maneno yaishe." Nusura nimfuate.

Nalikwenda kwa daktari wa meno hapa Kampala. Aliponitazama kinywani tu akauliza, "Kijana, mswaki waushika kwa mkono wa kulia?" Nikastaajabu. Kumbe mwenye kutumia mkono wa kulia mara nyingi husugua upande wa kushoto kwa nguvu zaidi. Nami nalikuwa na mswaki mgumu na unga wa makaa, nikisugua kama aoshaye sufuria, nikidhani ndio usafi!

Sehemu ya jino ionekanayo imefunikwa na gamba jeupe, gumu kuliko mfupa. Mzizi hauna gamba hilo. Hufunikwa na ufizi. Ufizi ukirudi nyuma, mzizi hubaki wazi, nao hulika upesi, hasa ukisuguliwa mara baada ya ndimu au soda, maana ukali wake hulegeza jino. Ndani mna vijitundu vidogo mno viendavyo mpaka kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu baridi huchoma.

Nalidhani daktari ataziba shimo lote, tumalize. Akakataa. Mfuo wangu umeingia nusu katika gamba, nusu katika mzizi, kwa hiyo ni maradhi mawili mahali pamoja. Sehemu ya gamba huzibwa kwa dawa ya rangi ya jino, mpaka pale gamba lilipoishia zamani, wala si zaidi. Sehemu ya mzizi huachiwa ufizi: hukatwa kipande cha nyama laini kaakaani kikashonwa hapo, ikiwa mfupa na ufizi wa katikati ya meno ungali mzima. Maana ufizi uliokwisha rudi nyuma haukui tena wenyewe. (Makerere, hapo kilimani, hufundisha madaktari wa meno, kazi yao si kung'oa tu.)

Lakini kwanza aliniagiza kuacha kusugua vile, la sivyo kazi yote ingelika tena. Sasa natumia mswaki laini, nimeulaza kidogo kuelekea ufizi, kwa mwendo mdogo mdogo, na dawa yenye floridi. Nikila ndimu, nangoja nusu saa. Maji ya baridi yanichoma kidogo tu. Ufizi utashonwa wakati wa likizo, kahawa ya baba ikiuzwa.